Rafiki yangu amecheza jambazi mara tatu, nami nilimsema mbele za watu

BARUA

Mshauri wetu mpendwa, assalaam alaykum.

Mimi ni mkazi wa Ngamiani hapa Tanga, nina umri wa miaka 36, na kazi yangu ni ufundi cherehani. Kwa miaka minne sasa, kila Ijumaa baada ya sala ya Isha, mimi na wenzangu saba au wanane hukutana barazani kwetu, tukatundika shuka jeupe ukutani na kutazama filamu, na karibu zote huwa ni za uhalifu: majambazi, wapelelezi, wizi wa benki, mauaji ambayo mtendaji wake hajulikani mpaka dakika za mwisho. Filamu ikiisha hatutawanyiki. Kahawa huongezwa, kashata hupitishwa, na mjadala huanza juu ya nani alistahili kuwa steringi, adui gani alicheza vizuri kuliko steringi mwenyewe, na mwigizaji gani alikosea kuikubali nafasi aliyopewa.

Mmoja wetu ni mwigizaji. Tumesoma naye madrasa moja tangu utotoni, na kabla ya kuingia kwenye filamu alikuwa fundi umeme, kazi anayoifanya hadi leo pale nafasi za kuigiza zinapokosekana. Ana kovu juu ya jicho la kushoto, alilolipata utotoni kwa kuanguka mwembeni, na ana sauti nzito. Kwa sababu ya vitu hivyo viwili, waongozaji wa filamu humpa nafasi ya jambazi bila kufikiri mara mbili, na mpaka sasa amecheza filamu tatu, zote akiwa jambazi.

Ijumaa moja tulikuwa tumetazama filamu ya Liam Neeson. Baadhi yetu walisema kwamba mtu aliyecheza Schindler's List mwaka 1993 na kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar hakuwa na sababu ya kuishia kukimbizana na watekaji nyara, na wengine wakajibu kwamba Taken ya mwaka 2008, aliyoicheza akiwa na miaka zaidi ya 50, ilimfungulia soko jipya katika umri ambao wengi husahauliwa. Mjadala ukiwa bado moto, kijana mmoja akaomba tuitazame filamu ya tatu ya rafiki yetu, iliyokuwa imetoka wiki ile. Tuliitazama, naye akiwa amekaa mkekani kati yetu. Katika sini moja anachukua chungwa kwenye meza ya mama muuzaji, analimenya polepole kwa kisu, analaza kichwa upande, kisha anacheka kwa puani kabla ya kumtisha. Kicheko hicho na kichwa hicho nilikuwa nimeviona katika filamu mbili za kwanza.

Ilipoisha aliniuliza mimi, kwa sababu ndiye niliyezoeleka kuwa msemaji, nimeionaje. Nikamwambia, "Ndugu yangu, umekuwa muhuri. Karatasi zinabadilika, chapa ni ileile." Watu walicheka sana, mpaka watoto waliokuwa wamepanda ukutani. Yeye alimaliza kahawa yake, akakipindua kikombe kwenye sinia, akatuaga kwa heshima na kuondoka. Hii ni wiki ya kumi hajarudi barazani.

Wiki mbili zilizopita mama yake, ambaye huuza machungwa ya Muheza katika soko la Mgandini, alikuja dukani kwangu. Aliniambia kwamba wateja humwita "Mama Jambazi", kwamba watoto wa mtaani huiga kicheko cha mwanawe mbele ya meza yake, na akaniomba, "Mwenzio anakusikiliza wewe. Mwambie aiache kazi hii, arudi kwenye umeme." Sikuwa na uso wa kumwambia kwamba mwenzangu hanisikilizi tena.

Kisha Jumatatu hii mdogo wake akaniletea bahasha. Ndani yake mna kurasa za skripti mbili na karatasi yenye mwandiko wa rafiki yangu: "Soma, kisha uniambie ukweli. Lakini usiniambie barazani." Skripti ya kwanza ni ya tamthilia ya vipindi 26 itakayorekodiwa Dar es Salaam, na nafasi yake ni ya kiongozi wa genge, malipo yake ni makubwa kuliko anachokipata kwa nusu mwaka wa ufundi umeme. Ya pili ni filamu fupi ya dakika 25 itakayotengenezwa Pangani na vijana wanaoanza, ambamo jambazi aliyetoka gerezani baada ya miaka 14 anarudi kwa mama yake, na mama anajifanya hamjui mbele ya majirani; malipo yake ni nauli, chakula na shilingi laki mbili. Kazi zote mbili zimepangwa mwezi mmoja, na zote mbili ni ujambazi.

Nilikosea kusema nilichokiona? Nimjibu nini yeye, na nimjibu nini mama yake?

Mpenda Filamu, Ngamiani, Tanga

MAJIBU

Waalaykum ssalaam, ndugu yangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nilisimama pale kikombe kilipopinduliwa kwenye sinia. Mtu aliyeumia namna ile na bado akaaga kwa heshima, kisha baada ya wiki kumi akakutafuta wewe yuleyule uliyemuumiza ili umsomee kurasa zake, anakuheshimu kwa kiwango ambacho nadhani bado hujakiona vizuri. Kwa hiyo nitakujibu kwa urefu.

Ulichokiona ulikiona kweli. Kichwa kulazwa upande na kicheko cha puani katika filamu tatu ni jambo ambalo mwongozaji makini angelikemea siku ya kwanza ya kurekodi, na kama hakuna aliyelikemea, basi rafiki yako amekuwa akifanya kazi bila jicho la pili. Tatizo ni kwamba hukumwambia ulichokiona. Wewe ni fundi, na bila shaka umewahi kupata mteja aliyekurudishia kanzu akasema, "Fundi, bega la kushoto linavuta," na umewahi kupata mwingine aliyeitupa juu ya cherehani akasema hujui kushona. Wa kwanza ulifumua bega lake ukamshonea upya, pengine na urafiki ukazaliwa hapo. Wa pili hukuwa na la kumfanyia. "Kicheko hiki umekitumia mara tatu" ni bega la kushoto. "Umekuwa muhuri" ni kanzu iliyotupwa juu ya cherehani, tena mbele ya watu na watoto waliokaa ukutani.

Naelewa ilivyotokea. Dakika chache kabla ya hapo mlikuwa mkimjadili Liam Neeson, na Neeson hasikii. Hakuna neno lolote linalotoka Ngamiani litakalomfikia, wala hatakosa usingizi kwa sababu yenu, na hiyo ndiyo ladha ya mijadala ya sinema, kwamba tunampima mwigizaji kwa ukali wote tunaoutaka na hakuna anayedhurika. Ulimi ulikuwa umeshapata moto kwa mtu wa mbali, ukaupeleka ukiwa hivyohivyo kwa mtu aliyeshika kikombe kando yako. Omba radhi kwa hilo, na uombe nyumbani kwake. Usiombe radhi kwa kuona kosa katika uigizaji wake, kwa sababu ukikana ulichokiona, karatasi aliyokuandikia itakuwa haina maana: ameomba ukweli.

Sasa nije kwenye lile linalowakereketa ninyi nyote watatu, yaani kama ni aibu kwa mwigizaji kuicheza nafasi ya jambazi tena na tena.

Kurudia peke yake si kosa. Hapo hapo Tanga alitoka marehemu Amri Athumani, tuliyemjua kama King Majuto, aliyefariki mwaka 2018, na maisha yake yote ya sanaa tulimjua kwa vichekesho; sikuwahi kumsikia mtu akilalamika kwamba mzee yule angepaswa kubadilika awe mpelelezi. Hoja yangu ni nyingine, na ili niieleze vizuri nitakusimulia habari ya waigizaji wawili wa Marekani ambao mpenda filamu za uhalifu kama wewe huenda unawajua kwa majina.

George Raft na Humphrey Bogart walikuwa waajiriwa wa studio moja mwishoni mwa miaka ya 1930. Raft ndiye aliyekuwa mkubwa, jina lake likiwa limepaa tangu mwaka 1932 kwa filamu ambayo jambazi wake alikuwa akirusha sarafu hewani na kuidaka, na Bogart alikuwa jambazi wa daraja la pili, yule anayepigwa risasi na steringi. Wakati huo kanuni za maadili za sinema ya Marekani, zilizosimamiwa kwa ukali tangu mwaka 1934, zilitaka mhalifu asiachwe bila adhabu, kwa hiyo mwigizaji wa ujambazi alijua atakavyoishia kabla hajafungua ukurasa wa kwanza. Ilipokuja skripti ya High Sierra, Raft aliikataa, na inasimuliwa kwamba alikuwa amechoka kufa katika filamu. Bogart akaichukua. Muda mfupi baadaye Raft aliikataa pia The Maltese Falcon, kwa sababu hakutaka kujikabidhi kwa mwongozaji aliyekuwa anaongoza kwa mara ya kwanza. Bogart akaichukua nayo. Filamu zote mbili zilitoka mwaka 1941, na baada ya hapo Bogart hakurudi tena daraja la pili.

Tazama vizuri hapo. High Sierra ni filamu ya ujambazi, na jambazi wake anakufa kama majambazi wengine. Lakini mtu huyo ametoka gerezani akiwa amechoka, anakutana na msichana mwenye ulemavu wa mguu, anamlipia matibabu akitumaini kumuoa, na msichana akishapona hamtaki. Bogart aliitoka nafasi ya jambazi kwa kupitia jambazi mwingine, aliyekuwa na jambo la kumuuma. Miaka kumi baadaye akaipata tuzo ya Oscar kwa The African Queen, akiwa nahodha mlevi wa mashua chakavu, katika hadithi ya mwaka 1914 ndani ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, yaani nchi yetu hii, na mwaka uleule wa vita vya Tanga. Siku moja itundikeni hiyo kwenye shuka lenu, ingawa haina wizi wa benki.

Kwa kipimo hicho, rudi kwenye bahasha. Usihesabu ni ujambazi wa ngapi. Soma kurasa za tamthilia ukiwa na kalamu, na kila sini mnamotajwa kiongozi wa genge jiulize: anataka nini ambacho hawezi kukipata kwa bastola? Analala wapi? Nani akimpigia simu anatoka nje kuongea? Kama katika vipindi ulivyopewa huoni jibu hata moja, basi rafiki yako ataitwa kwenda kulaza kichwa upande na kucheka kwa puani kwa vipindi 26, na kosa halitakuwa lake peke yake, kwa sababu mwandishi hakumpa kitu kingine cha kufanya. Skripti ya Pangani, kwa jinsi ulivyoieleza, jibu lake liko kwenye mstari wa kwanza: anataka mama yake amjue mbele ya watu. Hapo kicheko cha puani hakina pa kukaa. Atalazimika kutafuta uso mwingine, na mimi nikisoma tu maelezo yako mafupi nimeshaanza kumwona amesimama mlangoni na mfuko wake wa nguo.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: kama ningekuwa yeye, ningekwenda Pangani.

Hata hivyo sitaki uyapeleke maoni hayo kana kwamba fedha si kitu. Mtu anayepanga chumba na kuunga nyaya juani ana haki ya kuitamani kazi inayolipa kuliko nusu mwaka wa jasho, na ni rahisi sana kwangu mimi niliyekaa kivulini kumwambia achague sanaa. Kabla ya kuchagua, aulize ratiba. Filamu ya dakika 25 aghalabu hurekodiwa kwa siku chache, na katika tamthilia ndefu si kila mwigizaji hutakiwa kila siku. Inawezekana kabisa kwamba mwezi unaoonekana kuwa mmoja una nafasi ya kazi zote mbili, ikiwa ataomba mapema na kwa maandishi. Akiikubali tamthilia, mkataba utaje idadi ya siku, tarehe za malipo, na itakuwaje vipindi vikiongezwa. Na ikiwa ratiba zitagongana, naye hali yake ikamlazimu kwenda Dar es Salaam, basi wewe uwe mtu wa kwanza kumsindikiza stendi, na asiwepo mtu barazani kwako wa kumcheka.

Nakuja kwa mama. Usimchukulie wasiwasi wake kuwa ni ushamba wa mtu asiyejua kuigiza ni nini. Anajua. Anachokutana nacho Mgandini ni jina analoitwa mbele ya meza yake, akiwa anapanga machungwa, na jina hilo halifutiki kwa kumweleza kwamba filamu si kweli. Kuna upande wenu pia wa kuutazama. Filamu zetu hupitia Bodi ya Filamu na kupewa daraja la umri, lakini ninyi mnazionyesha usiku barazani huku watoto wamepanda ukutani, na kile kicheko wanachomwigia mama yule huenda wamekipata hapo kwenu. Hilo liko mikononi mwako, na unaweza kulirekebisha Ijumaa hii.

Usikubali kuwa mjumbe wake wa kumtoa mwanawe kwenye kazi, na umwambie hivyo kwa adabu, ukiwa umekaa naye, kwamba huna mamlaka ya kuliamua hilo. Kisha muulize kama enzi za ujana wake alikuwa akiingia sinema kutazama filamu za Kihindi. Wanawake wengi wa pwani wa rika lake waliingia, nao wanamkumbuka Pran. Pran alicheza adui kwa miaka mingi na kwa ustadi mkubwa hata ikawa inasemwa kwamba India wazazi waliacha kuwapa watoto wao jina hilo. Mwaka 1967, katika Upkar, akapewa nafasi ya Malang, mtu wa kutembea kwa mkongojo, mwenye ulimi mkali na moyo mwema, na watu waliokuwa wakimlaani wakamlilia. Mwaka 1973, katika Zanjeer, alianza kama bwana wa nyumba za kamari akaishia kuwa rafiki wa kufa na kuzikana wa askari aliyechezwa na Amitabh Bachchan. Sura ilikuwa ileile, na sauti ileile. Mama akimkumbuka Pran, hutakuwa na haja ya kumhutubia.

Jambo moja zaidi, na hili nalisema kwa uangalifu kwa kuwa si langu kulipanga. Skripti ya Pangani inamhusu mama anayemkana mwanawe mbele ya majirani kwa aibu. Sijui kama rafiki yako ameona jinsi kurasa hizo zinavyokaribiana na mambo ya nyumbani kwake, au kama ameona na ndiyo maana ameshindwa kuamua peke yake. Usimfumbulie. Muulize tu ni sini gani inayomtia hofu, umwache aseme, na akinyamaza nawe unyamaze.

Andika uliyoyaona pembeni mwa kurasa kwa penseli, sini kwa sini, pamoja na yale yaliyokupendeza, maana katika barua yako yote hukunitajia hata moja lililokupendeza katika filamu zake tatu, na sidhani kama hayapo. Bahasha ililetwa na mdogo wake. Wewe irudishe mwenyewe, kwa mkono wako, kabla ya Ijumaa.